Mzee Amerudi Nyumbani: Maisha ya Louis Martin Baada ya Kazi



Katika mafundisho ya ndoa huwa tunasema mengi juu ya vijana wanaoanza safari. Tunawafundisha juu ya mahari, sakramenti, watoto na matumizi ya fedha. Lakini ni mara chache tunasema lolote juu ya ile siku ambayo mume au mke anarudi nyumbani na barua ya kustaafu mfukoni. Na kumbe siku hiyo huja na mitihani yake.

Sote tumeyaona. Mzee ambaye kwa miaka thelathini alitoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, sasa anashinda nyumbani kutwa. Wiki ya kwanza ni furaha. Mwezi wa tatu ameanza kuhesabu vijiko vya sukari na kuuliza kwa nini kuni zimekwisha mapema. Mama naye, aliyezoea kuendesha nyumba yake bila kusimamiwa, anaona kana kwamba ameletewa msimamizi mkali. Hapo mmoja hukimbilia sokoni kwenye dama na soga hadi usiku, na mwingine hununa jikoni. Watu waliovumiliana miaka yote ya shida wanashindwa kuvumiliana wakati wa mapumziko.

Mwezi huu basi nawaletea maisha ya mzee mmoja aliyerudi nyumbani. Jina lake ni Louis Martin. Wengi wenu mnamfahamu kwa njia ya binti yake, Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye jumuiya ndogo ndogo nyingi huku kwetu zimechukua jina lake. Lakini mzee huyu mwenyewe ni mtakatifu pamoja na mkewe Zélie, na hawakuupata utakatifu huo jangwani. Waliupata katika nyumba yenye watoto, madeni ya wateja, magonjwa, mbwa na bustani.

Fundi wa saa na mkewe

Louis alizaliwa tarehe 22 Agosti 1823 katika mji wa Bordeaux, Ufaransa. Baba yake alikuwa askari, na alipostaafu jeshi alihamishia jamaa yake katika mji wa Alençon. Katika ujana wake Louis alitamani kuwa mtawa. Alipanda milima mirefu hadi kwenye monasteri ya Mtakatifu Bernardo Mkuu, ile ambayo watawa wake walifuga mbwa wakubwa wa kuokoa wasafiri waliopotea katika theluji. Hakupokelewa, kwa kuwa hakujua Kilatini. Alijaribu kukisoma, akashindwa, akarudi kwenye ufundi wa saa. Mnamo mwaka 1850 alifungua duka lake huko Alençon. Jumapili hakulifungua, ingawa wakulima wengi kutoka mashambani walifika mjini siku hiyo na fedha mkononi.

Tarehe 13 Julai 1858, usiku wa manane, Louis alifunga ndoa na Zélie Guérin. Yeye alikuwa na miaka 34, na Zélie alikuwa na miaka 26. Zélie alikuwa na kazi yake mwenyewe ya kutengeneza lesi ya Alençon, iliyosifika kote Ufaransa. Aliajiri wanawake waliofuma vipande majumbani mwao, naye mwenyewe aliviunganisha kwa sindano kwa ustadi mkubwa. Mungu aliwajalia watoto tisa. Wanne walifariki wakiwa wadogo. Wakabaki mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline na Teresia.

Sasa waume, sikilizeni jambo hili. Mnamo mwaka 1870 biashara ya mke ilikuwa imekua kuliko ile ya mume. Louis aliuza duka lake la saa kwa mpwa wake, akaanza kumsaidia mkewe. Alishika vitabu vya hesabu, akasafiri hadi Paris kutafuta wateja. Alikuwa bado hajazeeka. Hakuona aibu kwamba jina lililotafutwa na wateja ni la mkewe. Wangapi kati yetu tungekubali? Wengine tunaona afadhali nyumba ilale njaa kuliko mke atutangulie kwa mapato.

Tena hakuishia kwenye hesabu. Katika bustani alimfungia bembea binti yake mdogo. Alikuwa pia na kiwanja chake kidogo chenye mnara, alichokinunua kabla hajaoa, ambako aliweka nyavu na ndoana zake za kuvulia samaki. Mwanamume aliyejua kupumzika wakati bado ana nguvu hakuhangaika alipopata muda mwingi wa kupumzika.

Mapumziko ambayo Zélie hakuyaona

Hapa kuna sehemu ya huzuni katika habari hii. Zélie alichoka. Katika barua zake nyingi kwa ndugu zake alieleza jinsi lesi ilivyomla usiku na mchana, na jinsi alivyotamani kuiacha siku moja akae na watoto wake. Siku hiyo haikufika. Saratani ya matiti ilimpata, akaenda Lourdes kuhiji na mabinti zake wakubwa, akarudi bila kupona. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877. Alikuwa na miaka 45. Teresia alikuwa na miaka minne na nusu.

Wapenzi wasomaji, wengi wetu huahidiana kwamba tutapumzika pamoja tukishamaliza kusomesha watoto, au tukishamaliza kujenga. Ni ahadi njema, lakini hakuna aliye na hati ya miaka yake. Kama mke wako anatamani alasiri moja tu ya kukaa nawe chini ya mti bila kazi mkononi, usimwambie angoje pensheni.

Kuhamia Lisieux

Louis alibaki mjane mwenye miaka 54 na mabinti watano. Kaka wa marehemu, Isidore Guérin, alikuwa mwuza dawa katika mji wa Lisieux, yapata kilomita 90 kutoka Alençon. Yeye na mkewe walikuwa tayari kuwalea watoto hao kwa ukaribu. Lakini Louis alikuwa na rafiki zake wote Alençon, na mama yake mzazi alikuwa hai huko. Kuhama kulikuwa kama kung'oa mti mzima na kuupanda upya.

Hata hivyo alihama. Aliona kwamba mabinti wanahitaji shangazi na mabinamu kuliko yeye anavyohitaji rafiki zake. Mnamo Novemba 1877 jamaa yote ilikuwa Lisieux, katika nyumba iitwayo Les Buissonnets, yenye bustani mbele na nyuma. Biashara ya lesi aliiuza. Tangu hapo hakuwa na duka wala karani. Akiba yake ilitosha kuilisha nyumba, na kazi yake ilikuwa kuwa baba.

Siku yake ilivyokwenda

Marie, aliyekuwa na miaka 17, alishika funguo za nyumba akisaidiwa na mtumishi. Pauline, mwenye miaka 16, aliwafundisha wadogo zake. Louis hakuwanyang'anya kazi hizo. Alikuwa bwana wa nyumba, lakini hakuingia jikoni kuhesabu vijiko. Alijichagulia sehemu zake mbili. Ya kwanza ilikuwa bustani. Ya pili ilikuwa chumba kidogo cha juu kabisa, chenye madirisha ya kutazama mji, alikopanda kusoma na kusali kwa utulivu.

Basi kila mtu nyumbani alijua mahali pake. Hilo tu lingeponya nyumba nyingi za wastaafu. Mzee asiye na mahali pake na kazi yake atakaa katikati ya kazi ya wengine, na hapo ndipo magomvi yanapoanzia.

Lakini chumba cha juu hakikuwa ngome. Teresia alipomaliza masomo ya asubuhi alipanda ngazi mbio kumwonyesha baba alama zake. Na akiwa bustanini, mtoto alimletea chai aliyoipika mwenyewe kwa mbegu na maganda ya miti. Louis aliacha kazi yake, akapokea kikombe, akajifanya anakunywa, kisha akauliza kwa siri kama chai iliyobaki amwage. Tena mtoto alijenga vijialtare katika tundu la ukuta wa bustani, akamwita baba aje aone. Louis alikuja na kustaajabu kana kwamba ameonyeshwa kanisa kuu. Alimwita malkia wake, naye mtoto alimwita mfalme wake.

Mtu aliyezoea kulipwa kwa kila saa ya kazi yake anaweza kudhani huo ni upotezaji wa muda. Miaka mingi baadaye, mtoto yule alipokuwa mtawa na kuagizwa kuandika kumbukumbu za maisha yake, alivikumbuka vikombe hivyo vya chai. Wajukuu wetu nao watakumbuka kama tulikipokea kikombe au tuliwafukuza.

Matembezi ya mchana

Kila alasiri Louis alimshika Teresia mkono, wakatoka kutembea. Walizunguka mjini, na kila siku waliingia katika kanisa mojawapo kumsalimu Yesu katika Sakramenti Takatifu. Kwa njia hiyo mtoto aliiona kwa mara ya kwanza chapeli ya Wakarmeli, bila kujua kwamba nyuma ya kimia kile ndipo atakapoishi na kufa. Wakirudi, baba alimnunulia kijizawadi cha senti chache. Safari nzima iligharimu karibu bure.

Siku nyingine walikwenda kuvua samaki. Teresia alipewa ndoana yake ndogo, lakini alipenda zaidi kukaa kwenye nyasi zenye maua na kuwaza. Katika kikapu mlikuwa na mkate wenye jemu uliotayarishwa na Pauline, na ulipofika mtoni jemu ilikuwa imenyonywa na mkate na kupauka. Ni jambo dogo, lakini mtoto hakulisahau.

Katika matembezi hayo alijifunza pia huruma. Siku moja walikutana na mzee anayetembea kwa magongo. Teresia alimsogelea kumpa senti yake, lakini mzee alitabasamu kwa huzuni asiipokee. Baba alikuwa ametoka kumnunulia keki, na mtoto alitamani kumpa mzee yule, ila akaona haya. Akaweka nia ya kumwombea siku ya Komunyo yake ya kwanza, na miaka kadhaa baadaye alitimiza. Tena kila Jumatatu maskini walifika mlangoni pa Les Buissonnets, na mtoto ndiye aliyetumwa kuwapelekea sadaka.

Zilikuwapo na safari kubwa zaidi. Mwaka 1878 Louis aliwapeleka Marie na Pauline Paris kuona maonyesho ya mataifa. Agosti mwaka huohuo alimpeleka Teresia Trouville, akaiona bahari kwa mara ya kwanza, asiweze kuondoa macho yake majini. Na mwaka 1885 Louis mwenyewe alisafiri na padre mmoja hadi Constantinople, wakarudi kwa njia ya Athens, Naples na Roma. Nyumbani walibaki mabinti wakubwa wenye akili, naye aliwaamini.

Mbwa, ndege na mwana-kondoo

Katika nyumba hiyo wanyama nao walikuwa na nafasi yao. Mnamo mwaka 1884 Louis alimpa Teresia mbwa mweupe mwenye masikio marefu, jina lake Tom. Mbwa huyo aliwafuata katika matembezi. Katika chumba kingine cha juu Teresia alikuwa na tundu kubwa lililojaa ndege, na kelele zao ziliwachosha wageni. Baba alivumilia kelele hizo.

Mwanzoni mwa mwaka 1888, wakati binti yake alipokuwa anangoja kuingia utawani, Louis alimpa mwana-kondoo mchanga. Hakumaliza siku. Teresia alisikitika sana, akamwandikia Marie kwamba kifo cha mnyama yule mdogo kimemfundisha kutoshikamana na vitu vya dunia.

Huku kwetu mbwa ni wa kulinda boma na mbuzi ni wa ada ya shule. Hata hivyo mtazame mzee anayekama ng'ombe wake mmoja na kumwita kwa jina. Amepata sababu ya kuamka. Ng'ombe hajui kwamba bwana wake amestaafu. Ikifika saa kumi na mbili anadai majani. Ni rehema hiyo kwa mtu ambaye hakuna tena anayemngoja ofisini.

Jioni na Jumapili

Jioni walikaa pamoja. Mabinti walicheza dama, kisha Marie au Pauline alisoma kurasa chache za kitabu juu ya mwaka wa Liturujia. Teresia alikaa magotini pa baba, naye Louis aliimba kwa sauti yake nzuri. Halafu wote walipanda juu kwa sala ya usiku. Teresia alikaa karibu naye, na alipotaka kujua jinsi watakatifu wanavyosali, alimtazama baba yake. Nyumba hiyo haikuwa na mahubiri marefu. Ilikuwa na baba aliyepiga magoti.

Jumapili walikwenda Misa katika kanisa la Mtakatifu Petro, na jioni walitembelea nyumba ya mjomba. Wakirudi usiku, Teresia alitazama nyota akaona zimejipanga mfano wa herufi ya kwanza ya jina lake. Alimwomba baba amwongoze njia, naye akatembea akiwa ameinua uso mbinguni bila kuangalia anakokanyaga.

Msidhani lakini kwamba hapakuwa na kasoro. Teresia kama kitinda mimba alidekezwa. Céline ndiye aliyepanga chumba chao, na yeye hakushika kazi yoyote ya nyumbani. Alipoanza kutandika kitanda au kuingiza vyungu vya maua jioni, alilia asiposhukuriwa. Na Krismasi ya mwaka 1886, waliporudi Misa ya usiku, Louis alikuwa amechoka. Aliona viatu vya binti vimewekwa penye moto kungoja zawadi kama vya mtoto mdogo, akasema kwa kuudhika kwamba afadhali huu ni mwaka wa mwisho. Teresia alisikia akiwa kwenye ngazi. Siku nyingine angelia. Usiku huo, kwa neema ya Mungu, alimeza machozi, akashuka, akafungua zawadi zake kwa furaha mbele ya baba mpaka na baba akacheka. Aliandika kwamba huo ulikuwa wongofu wake.

Angalieni jinsi neno moja la mzee mchovu lingeweza kuharibu sikukuu. Angalieni tena jinsi mtu mmoja tu alivyotosha kuiokoa. Nyumbani si lazima wote wawili wawe watakatifu kwa saa moja. Mmoja akichoka, mwingine ashuke ngazi akitabasamu.

Nyumba inapokuwa tupu

Wazazi wengi hustaafu wakidhani watazungukwa na watoto, kumbe watoto nao wana njia zao. Pauline aliingia Karmeli tarehe 2 Oktoba 1882, na Marie akamfuata Oktoba 1886. Tarehe 29 Mei 1887, sikukuu ya Pentekoste, Teresia akiwa na miaka 14 alimwomba baba ruhusa ya kuingia naye. Walikuwa bustanini. Wiki nne tu kabla, Louis alikuwa amepatwa na kiharusi cha kwanza. Alilia, akajaribu kumwonyesha kwamba bado ni mdogo, kisha akakubali. Akauendea ukuta mfupi, akang'oa ua jeupe na mizizi yake, akampa. Teresia alilihifadhi katika kitabu chake.

Hakuishia kuruhusu. Novemba mwaka huo aliwachukua Céline na Teresia katika hija ya Roma, ambako binti alimpigia magoti Papa Leo wa 13 kumwomba kibali. Tarehe 9 Aprili 1888 Louis alimbariki mlangoni pa Karmeli, akarudi nyumbani.

Ugonjwa

Sasa nafika mahali ambapo wengi wetu tungependa kunyamaza. Mishipa ya ubongo wa mzee ilikuwa imeharibika. Tarehe 23 Juni 1888 aliondoka nyumbani bila kuaga. Céline na mjomba walimtafuta kwa siku nne, wakampata katika bandari ya Le Havre. Hali ilizidi kuwa mbaya, na tarehe 12 Februari 1889 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bon Sauveur, katika mji wa Caen. Alikaa huko miaka mitatu. Ilibidi hata atie sahihi ya kuacha usimamizi wa mali yake. Siku alizokuwa na akili timamu alijua yuko wapi, akaupokea udhalili huo kama mapenzi ya Mungu.

Mjini Lisieux watu hawakukosa la kusema. Walisema mzee amechanganyikiwa kwa sababu mabinti wake wamemwacha na kukimbilia utawani, hasa yule mdogo. Maneno hayo yaliwafikia hadi ndani ya Karmeli. Teresia akakumbuka kwamba alipokuwa mtoto aliwahi kumwona bustanini mtu mfano wa baba yake, uso umefunikwa, na baba alikuwa mbali safarini. Sasa alielewa maana yake.

Ndugu zangu, maneno kama hayo tunayajua. Mzee akianza kusahau njia ya nyumbani, akimwita mkewe kwa jina la dada yake, majirani wanasema amelogwa au ana laana. Watoto wanaona aibu, wanamfungia chumbani wageni wakija. Tujue kwamba baba wa mtakatifu, na yeye mwenyewe mtakatifu, alishikwa na ugonjwa huo. Ni ugonjwa wa mwili, si adhabu. Céline na Léonie hawakumwonea haya. Walihamia Caen kwa miezi kadhaa ili wawe karibu naye.

Tarehe 10 Mei 1892, miguu ikiwa imepooza na hawezi tena kutoroka, alirudishwa Lisieux. Siku mbili baadaye alipelekwa Karmeli kuwaona mabinti zake kwa mara ya mwisho. Hakuweza kusema mengi. Aliinua kidole, akaelekeza mbinguni. Céline ndiye aliyemtunza hadi mwisho. Wakati wa kiangazi walimpeleka La Musse, shamba la mjomba lenye miti mingi karibu na Évreux, akasukumwa kwa kiti cha magurudumu kusikiliza ndege. Huko alifariki tarehe 29 Julai 1894, akiwa na Céline kando yake. Miezi miwili haikwisha, Céline naye akaingia Karmeli.

Kanisa lilimtangaza Teresia kuwa mtakatifu mwaka 1925. Wazazi wake walitangazwa wenye heri huko Lisieux tarehe 19 Oktoba 2008, na tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza watakatifu wote wawili pamoja, wakati maaskofu walipokuwa Roma katika Sinodi juu ya familia. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mjiandae pamoja. Kabla barua ya kustaafu haijafika, kaeni chini muulizane nani atafanya nini, na kila mmoja awe na mahali pake pa kukaa na pa kusali. Mume asimnyang'anye mke jiko, na mke asimfukuze mume barazani.

Pili, chagueni kazi ndogo za kila siku, bustani au mifugo. Mikono isiyo na kazi humfundisha mtu kulaumu.

Tatu, tokeni pamoja. Si lazima mwende Mombasa. Nendeni Misa ya asubuhi, kisha mpitie kwa mgonjwa mmoja, mrudi mkiwa mmeshikana mikono kama mlivyokuwa mkifanya kabla ya watoto. Wajukuu wakiwapo, wabebeeni mkate.

Nne, semeni mapema juu ya ugonjwa na mali. Watoto wajue ni nani atakayemtunza mzee, na hati ziko wapi, ili siku ya shida wasigombane juu ya kitanda cha mgonjwa.

Tano, msiwashike watoto kwa nguvu. Louis alitoa ua na mizizi yake, wala hakulikata.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika jumuiya

1. Je, ni jambo gani dogo ambalo mwenzangu anatamani tufanye pamoja, nami nimelisogeza mbele mpaka tustaafu?

2. Nyumbani kwetu, ni nani hushuka ngazi akitabasamu mwenzake anapokuwa mchovu? Je, ni yuleyule kila siku?

3. Je, yupo mzee katika ukoo au mtaa wetu aliyesahaulika kwa sababu akili zake zimechoka? Tutamtembelea lini?

Watakatifu Louis na Zélie, mtuombee.